Mahindi yenye ukungu si chakula cha mifugo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie sentensi moja iliyochapishwa katika makala ya kilimo ya gazeti lako mwezi uliopita. Makala yenyewe ilikuwa na manufaa, na ilieleza vyema jinsi mvua za mwisho wa msimu zilivyoyakuta mahindi ya wakulima wengi wa Uyui na Sikonge yakiwa bado shambani, au yamelundikwa uani bila kitu cha kuyafunika. Ilipofika kwenye mahindi yaliyokwisha kushika ukungu, ikamshauri mkulima asiyapeleke mashineni kusaga unga wa nyumbani, bali awape mifugo. Ushauri huo ndio ulionifanya nichukue kalamu, kwa sababu nimetumia miaka 26 ya utumishi wangu nikitunza wanyama wa maabara, na nimeona kwa macho yangu kile ambacho chakula chenye ukungu hukifanya ndani ya mwili wa mnyama.

Kazi yangu ilikuwa kuwatunza panya weupe, sungura na simbilisi wa taasisi moja ya utafiti iliyo nje ya mkoa huu: kusafisha vizimba, kuwawekea chakula na maji, kuwapima uzito kila wiki, na mwisho wa jaribio kumsaidia mtafiti kuwapasua na kutoa viungo vilivyohitajika. Mtu akiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu huizoea sura ya ini kama mchinjaji anavyoizoea nyama. Ini la panya mwenye afya ni jekundu lililokolea kuelekea kahawia, lina kingo nyembamba, linang'aa, na ukilishika huteleza kiganjani.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi paa la ghala la chakula lilivuja. Peleti za magunia kadhaa zilishikana zikawa mabonge, na ukivunja bonge ulikuta ndani vumbi la rangi ya kijani na manjano, lenye harufu ya chumba kilichofungwa kwa miezi. Fedha za kununua chakula kingine hazikuwapo, na agizo likatoka kwamba tukianike, tukipepete, kisha tuendelee kukitumia. Mimi ndiye niliyekianika juu ya turubai, na mimi ndiye niliyewapimia panya chakula hicho kila siku, kwa kuwa niliamini jua limekwisha kuua kilichokuwamo. Kulikuwa na jaribio la dawa moja ya mitishamba likiendelea wakati huo. Panya walikuwa wamegawanywa katika makundi, baadhi wakipewa dawa kwa vipimo mbalimbali, na kundi moja la kulinganisha likipewa maji matupu ili ijulikane panya asiyepewa dawa anakuwaje.

Baada ya wiki chache manyoya yao yalianza kusimama na kupoteza mng'ao, na uzito ukasimama palepale. Siku ya kuwapasua tulianza na lile kundi la maji matupu. Ini la panya wa kwanza lilikuwa limevimba hadi kingo zake zimekuwa butu, rangi yake imekuwa kama ya udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na manjano, na nilipolibonyeza kwa ncha ya kidole lile shimo likabaki. Kisu kilipopita ndani yake kilitoka na mafuta kwenye makali. Figo zilikuwa zimepauka. Wa pili alikuwa hivyohivyo, na wa tatu, hadi mtafiti akaweka kisu chini. Hakuna tena aliyeweza kusema iwapo ile dawa ya mitishamba inadhuru ini au hailidhuru, maana panya wasioionja kabisa nao walikuwa wameharibika. Kazi ya mwaka mzima ilipotea, na wanyama wale wote wakawa wamekufa bila kumpa mtu jibu lolote. Jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa chakula kilipita mikononi mwangu.

Kilichotudanganya sisi pale ndicho kinachowadanganya wafugaji wengi leo, yaani kudhani kwamba ukungu unaouona ndio sumu yenyewe, na kwamba ukiupangusa au ukiukausha umemaliza shida. Ukungu ni kuvu, na kuvu ni kiumbe anayeweza kufa kwa jua au kwa moto. Sumu anayoiacha ndani ya punje ni kitu kingine. Aflatoksini, ambayo ndiyo sumukuvu inayojulikana zaidi kwetu, haiondoki kwa kuanikwa, wala haimalizwi na joto la sufuria la kupikia ugali au uji. Mahindi yaliyopepetwa yakawa meupe kabisa yanaweza kuwa bado yamebeba sumu yote iliyoingia wakati yalipokuwa ya kijani kwa ukungu.

Dunia iliijua sumu hii kwa njia ya mifugo, na kwa njia ya zao ambalo watu wa Tabora tunalijua sana. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga wachanga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao madaktari wa mifugo hawakuutambua, na ndipo ilipogundulika kwamba wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Kuvu aliyekutwa katika mashudu hayo, Aspergillus flavus, ndiye aliyeipa aflatoksini jina lake. Watafiti walipotaka kuhakikisha, waliwalisha mashudu yaleyale vifaranga vya bata na panya weupe, na wakaona mambo mawili tofauti. Vifaranga vya bata vilikufa upesi, na ndani ya maini yao mirija ya nyongo ilikuwa imeongezeka na kuzagaa kwa namna ya pekee, kiasi kwamba kwa miaka kadhaa mabadiliko hayo ndiyo yaliyotumika kupima kama chakula kina sumu. Panya hawakufa upesi. Waliendelea kula na kutembea vizimbani, na baada ya miezi mingi wakakutwa na uvimbe wa saratani katika ini.

Hilo la pili ndilo ningependa msomaji alifikirie kwa utulivu. Mwaka 1974, huko Marekani, Gerald Wogan na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha panya chakula chenye aflatoksini B1 kwa viwango vidogo vilivyopimwa kwa uangalifu. Katika kundi lililopewa mikrogramu 100 kwa kila kilo ya chakula, panya wote 28 walipata saratani ya ini. Kwa anayepima nafaka kwa gunia, kiwango hicho ni sawa na gramu moja ya sumu iliyosambazwa katika magunia 100 ya mahindi yenye kilo 100 kila moja. Kiwango cha juu cha aflatoksini zote kwa pamoja kinachoruhusiwa kwenye mahindi ya chakula cha binadamu hapa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani gramu moja katika magunia 1,000. Hakuna jicho linaloweza kuona kitu kama hicho, wala ulimi unaoweza kukionja, na ndiyo maana nasema kwamba kutumia macho kuamua mahindi yapi ni ya watu na yapi ni ya kuku ni kujidanganya.

Ini ndilo linaloumia kwanza kwa sababu ndilo linalojaribu kuisafisha sumu hiyo. Vimeng'enya vya ini huibadili aflatoksini ili itolewe mwilini, lakini katika kuibadili huzalisha kitu kikali kuliko ile ya awali, ambacho hujishika kwenye vinasaba vya seli za ini lenyewe. Wanyama hutofautiana katika uwezo wa kukituliza kitu hicho kabla hakijaleta madhara. Panya wadogo wa maabara, wale wa ukubwa wa panya wa nyumbani, wana kimeng'enya kinachowakinga vizuri wakishakua, lakini panya wakubwa weupe hawana kinga ya kiwango hicho, na kifaranga cha bata cha siku moja hakina karibu kinga yoyote.

Figo nazo zina sumu yake inayozilenga hasa, inayoitwa okratoksini, ambayo ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1965 na baadaye ikahusishwa na ugonjwa wa figo za nguruwe huko Denmark. Kuna pia fumonisini, ambayo hutengenezwa na kuvu wa mahindi anayeanza kazi yake shambani kabla ya mavuno. Nayo ilitambuliwa Afrika Kusini, mwaka 1988. Katika panya huumiza ini na figo, katika nguruwe hujaza mapafu maji, na katika farasi na punda huyeyusha sehemu ya ubongo. Wale wenzetu wa Igunga na Nzega wanaotegemea punda kubeba maji na mizigo wangefaa kulijua jambo hilo kabla ya kumwagia punda magunzi na punje zilizooza. Sumu nyingine, zearalenoni, hufanya kazi kama homoni ya kike, hivyo nguruwe jike ambaye hajafikia umri wa kupandwa huvimba sehemu za siri kana kwamba yuko kwenye joto, na kizazi cha panya jike mchanga huongezeka uzito.

Najua jibu ambalo wafugaji watanipa, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi tangu niliporudi kuishi hapa Ipuli: kuku wetu wanakula mahindi hayo kila mwaka na hawafi. Ni kweli kwamba kuku mkubwa huvumilia kuliko bata na bata mzinga. Lakini kutokufa si kutokudhurika. Msimu uliopita jirani yangu, mama anayefuga kuku wa mayai, alinijia akiwa amebeba kuku aliyekufa ndani ya ndoo.

"Shikamoo baba. Nimewachanja kideri kwa tarehe zote, daftari hili hapa, na bado wanakufa. Au chanjo niliyouziwa ni feki?"

Nilimpasua kuku yule juu ya kipande cha bati nyuma ya nyumba. Ini lilikuwa la manjano lenye vidoa vya damu, na niliposhika tezi ile ndogo iliyo karibu na tundu la haja, ambayo wataalamu huiita basa, niliikuta imesinyaa. Tezi hiyo ndiyo sehemu ambamo seli za kinga za kuku hukomazwa, na imekwisha kuthibitishwa katika maabara kwamba aflatoksini huipunguza pamoja na tezi ya shingoni, hivyo kuku aliyechanjwa hushindwa kujijengea kinga ambayo chanjo ilipaswa kumpa. Sikumwambia mama yule kwamba nimekwisha kujua kilichomuua kuku wake, kwa sababu ini la manjano na basa iliyosinyaa vinaweza kuletwa na zaidi ya jambo moja, na mtu asitoe hukumu kwa kisu cha jikoni. Nilimshauri apeleke kuku na sampuli ya chakula kwa daktari wa mifugo. Lakini nilipofungua pipa lake la chakula nilikutana na harufu ileile ya ghala letu la zamani. Alikuwa akichanganya mwenyewe: pumba kutoka mashineni, mashudu, dagaa, na mahindi aliyouziwa kwa bei nafuu kwa kuwa yalikuwa ya kuku.

Hapo kwenye pumba pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mahindi yanapokobolewa ili yatoe sembe nyeupe, sehemu kubwa ya sumu hutoka pamoja na ganda na kiini, nayo huenda kwenye pumba. Kwa mlaji wa sembe hiyo ni nafuu, lakini kwa ng'ombe na kuku ni kinyume chake, maana gunia la pumba linaweza kuwa na sumu nyingi kuliko gunia la mahindi lililolizaa. Mashudu ni vivyo hivyo: karanga zikikamuliwa, mafuta hutoka na sumu nyingi hubaki kwenye kile kinachobaki. Wafugaji wengi wa mjini hapa hutengeneza chakula kwa vitu hivyo viwili kwa sababu ndivyo vinavyopatikana kwa bei wanayoimudu, na siwalaumu. Ninachosema ni kwamba tunaikusanya sumu kutoka katika mavuno yetu yote na kuiweka katika bakuli moja, kisha tunashangaa mayai yamepungua.

Isitoshe, kinachoingia kwa mnyama hakiishii kwake. Ng'ombe wa maziwa akila aflatoksini, ndani ya siku moja sehemu yake huonekana katika maziwa ikiwa imebadilika kidogo, na kuyachemsha maziwa hayo hakuiondoi. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliziweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara iliripoti wagonjwa 68 waliodhurika ini kwa chakula chenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Miaka 12 kabla ya hapo wenzetu wa Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya walizika watu 125. Wale panya wa vizimbani walikuwa wametuonyesha mapema ini la mtu aliyekula mahindi ya namna hiyo litakuwaje.

Sasa mkulima aliyenyeshewa afanye nini, ndilo swali la haki, kwa kuwa gunia la mahindi ni ada ya shule na ni dawa. Kazi kubwa iko kabla ya ukungu kuonekana. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, yasifungwe kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, na asiye na kipimo anaweza kuanza na chupa kavu ya kioo: atie punje hadi theluthi moja, aongeze vijiko vidogo viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa, atikise, kisha angoje dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi hayajakauka. Isipoganda, si ruhusa ya kuyafunga mara moja, ila ni dalili kwamba anakaribia. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi husaidia sana, kwa sababu sumu haikai sawasawa katika gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Lakini hizo zilizochambuliwa zifukiwe shimoni. Zikiingia kwenye ndoo ya kuku, kazi ya kuchambua imekuwa ya bure.

Kwa wenye mashine na wachanganyaji wa chakula cha mifugo ninaomba jambo moja. Kwa sababu hiyohiyo ya sumu kutokukaa sawasawa, mtu asichome bambo mara moja mdomoni mwa gunia akaridhika. Achukue kutoka juu, katikati na chini, katika magunia mengi, achanganye, ndipo sampuli hiyo ipelekwe kupimwa, na shehena iliyokataliwa kwa chakula cha watu isibadilishiwe jina ikarudi sokoni kama ya mifugo. Na kwa vijana walioshika kazi niliyoiacha katika taasisi zenye wanyama wa majaribio, nawasihi waweke pembeni konzi mbili za kila chakula kipya kinachoingia ghalani, katika chombo kilichofungwa na chenye tarehe, ili siku maini ya kundi la maji matupu yatakapoonekana ya manjano wawe na kitu cha kupima. Na agizo la kuanika chakula chenye ukungu likija, wakatae, kama mimi nilivyopaswa kukataa.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Katika ukurasa uleule wa kilimo, na kwa maandishi ya ukubwa uleule, naomba gazeti liwaambie wasomaji kwamba ule ushauri wa kuwapa mifugo mahindi yaliyoshika ukungu umeondolewa. Jirani yangu alilikata gazeti hilo akalibandika ukutani mwa banda lake la kuku, na nimemwahidi kumletea toleo lenye masahihisho.

Wako katika kujenga taifa,

Mtunza wanyama wa maabara mstaafu,
Ipuli, Tabora.